Safari Hii Wao Ndio Waje Kukusalimia

Sisi tunaoishi ughaibuni tunaijua safari ya nyumbani. Unatua, unalala usiku mmoja, kesho yake unaanza kuzunguka: kwa shangazi Muheza, kwa bibi Lushoto, kwa mama mkwe Moshi, kwa rafiki wa shule aliyehamia Dodoma. Kila mlango una zawadi yake. Usiyemfikia hununa, na habari za kununa kwake zitakufuata mpaka huko uliko.

Ukiwa na mimba, utaratibu huo upindue. Kaa mahali pamoja, wao ndio waje. Nimesafiri kutoka Hamburg kwenda Tanga nikiwa mjamzito mara mbili. Mara ya kwanza nilizunguka, mara ya pili nikakaa. Haya ninayoandika yametokana na tofauti ya safari hizo mbili, na mengi niliyofundishwa na wakunga wa huku na wa kule. Hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakusaidia kujua umuulize nini.

Hesabu wiki, si miezi

Nyumbani mimba huhesabiwa kwa miezi. Ndege huhesabu wiki, na tena huhesabu wiki za siku ya kurudi, si za siku ya kuondoka tu.

Kipindi chema cha kusafiri, kwa mimba isiyo na matatizo, ni kati ya wiki ya 14 na ya 28. Kichefuchefu kimetulia, hatari ya mimba kuharibika imepungua, na tumbo bado halijawa mzigo. Mashirika mengi ya ndege humpokea mwenye mtoto mmoja tumboni hadi wiki ya 36 na mwenye pacha hadi wiki ya 32, na kuanzia wiki ya 28 hivi hudai barua ya daktari au mkunga. Kila shirika lina kanuni zake, kwa hiyo zisome kabla ya kulipia tiketi. Ukiondoka na wiki 26 ukakaa wiki sita, unarudi na 32, na kama ni pacha tayari uko ukingoni.

Barua iwe ya Kiingereza. Itaje tarehe ya makisio, umri wa mimba kwa wiki, kama ni mtoto mmoja au pacha, kwamba hakuna matatizo, na kwamba unaweza kusafiri. Halafu angalia imeandikwa lini. Mimi hapo ndipo nilipokwama. Niliondoka Hamburg na barua safi, nikadhani itanirudisha. Usiku wa kurudi, pale dawatini Dar es Salaam, dada wa shirika la ndege aliisoma, akatazama tarehe, akaniambia imepitwa: ilikuwa na wiki tano, na wao walitaka isiyozidi siku kumi. Mdogo wangu alinikimbiza kwa teksi hadi kwa daktari wa zamu. Daktari akanipima presha, akasikiliza mapigo ya mtoto, akaniandikia. Tuliporudi uwanjani ndege ilikwisha kuondoka, nami nikanunua tiketi nyingine kwa pesa niliyoiwekea kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo panga tangu mapema siku ya kwenda kliniki katika wiki ile ya kurudi, huko huko nyumbani, upate barua mpya.

Kama una nafasi ya kuchagua majira, chagua kipupwe, Juni hadi Agosti. Joto la Februari pwani si la kubeba na tumbo, na masika huleta tope barabarani na mbu ndani. Ila kama utavuka kwenda Unguja, kumbuka kwamba kusi huichafua bahari miezi hiyo hiyo ya kipupwe.

Kliniki mbili, mwili mmoja

Mkunga wa ughaibuni hatakuona ukiwa Tanga, na mkunga wa Tanga hakukuona ulikotoka. Anayeziunganisha kliniki hizo mbili ni wewe, na kamba ya kuziunganishia ni karatasi.

Ujerumani tunapewa kijitabu kiitwacho Mutterpass, na nchi nyingine zina kadi zao au programu ya simu. Usitegemee simu peke yake, chapisha. Na kwa kuwa muuguzi wa zamu hatasoma Kijerumani wala Kiswidi, andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kiingereza wenye mambo haya: tarehe ya makisio, kundi la damu na kama ni chanya au hasi, kiwango cha damu, vipimo vya presha, majibu ya kaswende na homa ya ini B, majibu ya utrasaundi na mahali kondo lilipo, dawa unazotumia, na uzazi uliopita, hasa kama ulipasuliwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mutterpass huandika kwamba kipimo cha VVU kimefanyika, lakini haiandiki majibu. Kliniki ya Tanzania itayataka majibu, na mara nyingi itataka na mwenzi wako apimwe. Omba karatasi ya maabara kabla hujaondoka, la sivyo utapimwa upya. Hakuna ubaya, ila usishangae.

Kama damu yako ni hasi, mwulize daktari kuhusu sindano ya anti-D, ambayo kwa kawaida hutolewa karibu na wiki ya 28. Usiache kuipata kwa matumaini ya kuikuta njiani. Na kama unakaa zaidi ya wiki tatu au nne, jiandikishe kliniki ya karibu na nyumbani katika siku za mwanzo, ungali mzima. Anayefika mara ya kwanza usiku, akiwa na maumivu na hajulikani, huanza kwa kuulizwa maswali.

Chanjo na mbu

Fika kwa daktari wa magonjwa ya safari angalau wiki sita kabla. Chanjo zisizo na vimelea hai, kama ile ya homa ya ini A, zinaweza kutolewa kwa mjamzito pale inapohitajika. Chanjo za vimelea hai kwa kawaida huepukwa, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Tanzania haiidai kwa anayekuja moja kwa moja kutoka Ulaya, ila huidai kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa kwenye uwanja wa ndege wa nchi hiyo zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha. Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha. Hivyo tiketi ya bei poa yenye kulala Nairobi au Addis Ababa inaweza kukuletea maswali. Chagua muunganiko mfupi, au beba barua ya daktari ya kukusamehe chanjo kwa sababu ya mimba.

Sasa malaria. Ndugu watakucheka: "Wewe mtoto wa Muheza, leo unaogopa mbu?" Wacheke tu. Kinga tuliyokua nayo hupungua kwa miaka ya kukaa mbali, na mimba yenyewe huishusha zaidi. Malaria kwa mjamzito humaliza damu, huweza kuharibu mimba, na huweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Madaktari wengi watakwambia kwanza: kama safari inaweza kuahirishwa, iahirishwe. Kama haiwezi, uliza kuhusu dawa ya kinga. Meflokwini hutumika kwa wajawazito, humezwa mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au tatu kabla ya safari na huendelea wiki nne baada ya kurudi. Haimfai aliyewahi kuugua kifafa au maradhi ya akili. Ujerumani iliondolewa sokoni, kwa hiyo kuitafuta huchukua muda. Usijichukulie doksisaiklini kwa sababu jirani aliitumia, maana kwa mjamzito haishauriwi.

Kule nyumbani kliniki huwapa wajawazito vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia miezi mitatu ya pili. Hivyo si mbadala wa kinga ya msafiri. Mwonyeshe mkunga dawa zako zote, pamoja na asidi ya foliki, kwani ile ya miligramu 5 huidhoofisha SP.

Mengine unayajua tangu utoto, sasa yafanye bila aibu: chandarua chenye dawa hata mchana ukilala, mikono mirefu magharibi inapoingia, na dawa ya kupaka yenye DEET. Homa yoyote, kipimo siku hiyo hiyo. Usimeze dawa mseto kwa kukisia, na usikubali kikombe cha mwarobaini.

Ndani ya ndege

Mimba huifanya damu iwe nyepesi kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa nyingi huzidisha. Chukua kiti cha kando ya njia. Vaa soksi za kubana zinazokutosha sawasawa. Inuka kila baada ya saa moja au mbili, na ukikaa zungusha vifundo vya miguu. Kunywa maji, na usiyapunguze kwa kuogopa foleni ya choo. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata damu iliyoganda, mwambie daktari mapema, huenda ukahitaji sindano.

Karatasi zako zote, dawa na barua viwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku likipotea, zipotee kanga, si kadi ya kliniki.

Bima: maswali manne

Bima ya afya ya huku kwa kawaida haivuki bahari na wewe. Nunua ya safari, na kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: inalipia matatizo ya mimba hadi wiki ya ngapi? Inalipia kujifungua kabla ya wakati? Inamlipia mtoto mchanga akihitaji kulazwa? Inalipia kusafirishwa hadi hospitali kubwa? Nyingi hulipia dharura tu, si mahudhurio ya kliniki. Bima za mwaka mzima za Ujerumani mara nyingi huhesabu siku za kila safari, kama 42 au 56, na siku inayofuata huna bima.

Kama sasa unasafiri kwa pasipoti ya kigeni na utafika Zanzibar, kumbuka kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni hutakiwa kununua bima ya huko, ambayo ilianza kwa dola 44. Iongeze juu ya yako, usiifanye badala yake.

Tenga pia fedha taslimu. Hospitali binafsi nyingi hutaka malipo ya awali kabla ya kukupa kitanda, na bima hukurudishia baadaye kwa risiti. Jua mapema hospitali kubwa iliyo karibu: Bombo kwa Tanga, KCMC kwa Moshi, Bugando kwa Mwanza, Muhimbili kwa Dar es Salaam. Jua pia nani katika familia mnalingana damu, maana mara nyingi ndugu huombwa wachangie.

Kaa, wageni waje

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita 350 hivi. Mara ya kwanza nilizikata kwa basi siku ile ile niliyotua, kesho yake nikapanda Lushoto kwa kona zile zote, na wiki ya pili nikaenda Moshi. Nilirudi Hamburg na miguu iliyovimba na picha mia mbili, na mama yangu mzazi nilikaa naye siku nne tu.

Mara ya pili nilimpigia mama mwezi mmoja kabla. Nikamwambia, "Mama, daktari amenikataza barabara." Alikuwa hajanikataza kwa maneno hayo, lakini familia zetu humtii daktari kuliko zinavyomsikia binti. Mama akamwarifu shangazi mkubwa, shangazi akaupeleka ujumbe kote: mgeni amefungiwa, mwenye hamu aje. Msemaji wako awe mtu mzima wa namna hiyo. Wewe ukijieleza kwa kila mmoja, itakuwa majivuno.

Wakija, watakula. Hapa ndipo wengi husahau kwamba kukaa nako kuna gharama zake. Tuma mapema pesa ya mchele, sukari na gesi, umlipe na binti wa kumsaidia mama jikoni. Weka siku za wageni, tuseme Alhamisi na Jumamosi baada ya alasiri, na mchana ulale. Wazee sana wasioweza kusafiri ndio peke yao uwafuate, tena kwa gari, kwa mwendo wa asubuhi, na kusimama kila baada ya saa mbili. Kama njia yako ni Dodoma au Morogoro, treni ya SGR iliyoanza safari mwaka 2024 haina mashimo ya barabarani. Bodaboda iache kabisa, hata kama ni "hapo tu".

Muulize mama pia habari ya mimba itangazwe vipi. Katika nyumba nyingine haitajwi mpaka tumbo liseme lenyewe, kwa kuogopa jicho, na nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa. Wewe uliyezoea kutuma picha ya utrasaundi kwenye kundi la familia, subiri ruhusa. Heshima hiyo haikugharimu kitu, na itakupa nafasi ya kukataa mambo yaliyo mazito zaidi.

Sahani na kikombe

Mambo hayo mazito yatakuja kwenye sahani, yakiwa yamejaa upendo.

Maini ni mfano mzuri. Nyumbani maini ndiyo "kuongeza damu". Uingereza wajawazito huambiwa wasiyale kabisa, na Ujerumani huonya hasa kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno inayoweza kumdhuru mtoto. Usibishane na mama mkwe mbele ya watu. Omba nyama iliyoiva, maharage, mchicha wenye ndimu, na endelea na vidonge vyako vya madini ya chuma. Chai kunywa mbali na chakula, kwani huzuia madini hayo yasiingie mwilini.

Papa mkavu, raha ya sisi watu wa pwani, ana zebaki nyingi. Nduaro naye vivyo hivyo. Kula dagaa na samaki wadogo. Maziwa yachemshwe, na mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi uuache. Nyama iive mpaka ndani, kachumbari ioshwe kwa maji safi. Dafu lililokatwa mbele yako halina neno.

Hamu ya udongo ikikushika, na sokoni vipande vyake vimepangwa vinakungoja, ujue kwamba udongo huo unaweza kuwa na risasi, aseniki na mayai ya minyoo, na kwamba hamu yenyewe huenda pamoja na upungufu wa damu. Pima damu kwanza. Dawa za mizizi za "kusafisha mtoto" au "kurahisisha uzazi" zikatae kwa upole uliokaza. Baadhi huamsha uchungu kabla ya siku. Mimi nilimwambia bibi, "Nihifadhie, nitakunywa nikiruhusiwa kliniki." Hakununa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Waeleze wote wa nyumbani, si mumeo tu aliyebaki ughaibuni: kutokwa damu, chupa kupasuka, homa, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali ya juu ya tumbo, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na mtoto kupunguza kucheza. Degedege la mjamzito ni kifafa cha mimba. Halina mganga wa nyumbani, lina hospitali tu. Weka namba ya dereva mmoja anayepokea simu usiku, na ulipie mafuta yake tangu mapema.

Ukitaka kujifungulia kwa mama

Wengi hulitamani hili, na si bure: kukandwa kwa maji ya moto, kufungwa tumbo kwa kanga, uji wa pilipili manga, mtori kwa wenye asili ya Uchagani, na siku arobaini za kutogusa jiko. Lakini fikiria makaratasi kwanza. Mtoto anayezaliwa Uingereza na mzazi mwenye ukaazi wa kudumu ni raia wa Uingereza tangu kuzaliwa. Mtoto wa mzazi huyo huyo, kama mzazi si raia, akizaliwa Tanga, si raia wa Uingereza. Ujerumani nayo humpa uraia mtoto aliyezaliwa ndani ya nchi kama mzazi mmoja ameishi humo kihalali miaka mitano na ana haki ya kudumu ya kukaa. Ukijifungulia nyumbani, mtoto atahitaji tangazo la kizazi kutoka hospitali, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na viza yake mwenyewe. Foleni hiyo inaweza kukupitisha kwenye muda wa kibali chako. Kwa vibali vingi vya Ujerumani, kukaa nje zaidi ya miezi sita huvifuta.

Wengine tumeligeuza jambo hilo: tunajifungulia huku, mama ndiye anayekuja. Viza yake iombwe mapema, ungali na wiki ishirini na kitu.

Ukirudi

Nenda kliniki ndani ya wiki moja, upeleke na karatasi za kule. Maliza dawa ya kinga hata kama mbu wamebaki Tanga. Na ukipata homa, iwe wiki ya pili au mwezi wa tatu, sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe: "Nilikuwa Tanzania, nipime malaria." Asipoisikia, atakupa dawa ya mafua na kukuambia upumzike.

Waliokukosa watapiga simu kulalamika. Kwangu mama mkwe wa Moshi alilalamika hadi mtoto akazaliwa. Nilimwambia zamu yangu ya kuzunguka iko palepale, na safari hiyo nitafika mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Alicheka, akauliza tunafika lini, maana anataka kuanza kunenepesha mbuzi.